Kitabu darini, kahawa yasusiwa: Evelyne wa Nshamba na somo la Wazungu

Jua halijachungulia migomba ya Nshamba, wilayani Muleba, na Evelyne Kokwijuka ameshaipua sufuria. Anamwaga maji meusi pembeni mwa jiko, mvuke unampiga usoni, anageuza shingo na kukohoa. Ndani zimebaki punje za kahawa na maganda yake, zimelainika na kunukia majani.

Anazitandaza kwenye mkeka ili zichuje maji. Kisha anafuta mikono kwenye kanga, anavuta kikapu kidogo chenye kahawa iliyokwisha kukauka, anatia punje mbili mdomoni na kuzitafuna taratibu huku wageni wake wakimtazama. Akishahakikisha wameona, anakisogeza kikapu mbele yao.

"Karibuni akamwani," anasema. "Mmeona nimeanza mwenyewe."

Mwandishi anachukua. Dereva wa bodaboda aliyemleta kutoka stendi anakitazama kikapu, anaitazama pikipiki yake, kisha anatabasamu kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake.

"Waitu mama, mimi nimeshakunywa chai."

Evelyne hakasiriki. Anakifunika kikapu kwa kipande cha jani la mgomba na kukirudisha mahali pake.

"Tangu Juni kila mtu Nshamba hii ameshakunywa chai," anasema. "Hata wanaokuja saa hizi."

Kwa asiyeijua Kagera, akamwani ni kahawa ya kutafuna. Huchemshwa na majani yenye harufu, ikaanikwa, ikapitishwa moshini na kufungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya, hata kabla hajaulizwa habari za alikotoka, hupewa punje chache atafune. Na anayempa huanza mwenyewe.

Watu wa mijini hupenda kusema kwamba huo ni ukarimu. Ni ukarimu, ndiyo, lakini tusidanganyane. Mtu haonji mbele ya mgeni kwa sababu ana njaa. Anaonja kwa sababu wazee walijua kwamba binadamu hawaaminiani, wakatafuta njia ya kukaa pamoja hivyo hivyo.

Evelyne, mwenye miaka 46 na watoto watatu, ameishi kwa kupika akamwani tangu alipoolewa. Mume wake, Ishengoma, anaunda na kukarabati mitumbwi kisiwani Bumbire na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi, ziwa likitulia. Ada za watoto, sabuni na chumvi hutoka kwenye kahawa. Siku ya gulio alikuwa akiuza hata vifurushi thelathini vya shilingi elfu moja. Siku hizi akiuza sita anamshukuru Mungu, na wanunuzi wenyewe ni wapita njia wasiomjua.

Wanaomjua hawanunui. Wanasema Evelyne amejiunga na Frimasoni.

Mambo yalianzia Kashai, mjini Bukoba, ambako mwaka jana kilifunguliwa kituo kidogo cha elimu ya watu wazima, kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la vipodozi. Tangazo lilisema ni elimu ya jumla kwa waliokatisha masomo, Jumamosi mchana, bila ada. Evelyne aliishia darasa la saba mwaka 1993, na hakuna kitu kilichokuwa kikimkera kama kusimama mbele ya watalii mjini Bukoba akiwa na kahawa yake, wanamuuliza, naye anacheka tu kama mtoto.

"Nilifuata Kiingereza na hesabu," anasema. "Wakanipa na wafalme."

Maana kituoni mtu hachagui somo. Anayetaka cheti anasoma yote, na mojawapo ni Historia na Utamaduni wa Magharibi: Wagiriki, Warumi, mabwana na wakulima wao, makanisa yao, vita vyao, viwanda vyao, hadi kufika kwetu. Kila mwanafunzi alipewa kitabu kinene cha Kiingereza chenye picha za rangi. Ukurasa wa kwanza ulikishukuru kikundi cha "marafiki wa elimu" bila kuwataja marafiki hao ni akina nani.

Hapo ndipo Evelyne alipoanza kujikuna kichwa. Somo la bure, kitabu cha bure, chai na andazi vya bure, tena habari zenyewe za Wazungu. Nani huyo anayelipa nauli ya kitabu kizito namna hii kutoka ng'ambo ili mchemsha kahawa wa Nshamba aijue Roma?

Alimuuliza mwalimu wake, Mwesiga Buberwa, kijana wa miaka 34 mwenye shahada ya historia.

"Mwalimu, hawa marafiki wa elimu unawajua?"

"Ni wafadhili, mama Avit."

"Wafadhili akina nani?"

"Wako nje."

"Nje wapi? Nje ni kukubwa."

Mwesiga mwenyewe amemthibitishia mwandishi huyu kwamba hakuwa na jibu, na hana hadi leo. Mwandishi naye alikipigia simu kituo mara kadhaa. Aliambiwa kwa sauti nzuri sana kwamba wafadhili ni marafiki wa elimu.

Evelyne hakuishia hapo. Kwao anayekukaribisha huanza yeye, basi Jumamosi iliyofuata alinyoosha mkono tena, darasa zima likisikia.

"Mwalimu, wewe hili somo umelila?"

"Nimelisoma miaka mitatu chuo kikuu."

"Likakufanya nini?"

Mwesiga aliitua chaki. "Likanifanya mwalimu asiye na ajira ya serikali."

Darasa lilicheka hadi mwenye duka akagonga ukuta. Evelyne anasema siku hiyo roho yake ilitulia kidogo. Kama ilikuwa dawa, basi angalau aliyeionja alikuwa bado ana akili zake.

Akaanza kusoma, lakini jicho moja likiwa mlangoni. Walipofika kwenye wakulima wa Ulaya waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, wakimpelekea sehemu ya mavuno na kumfanyia kazi bila malipo, alipiga meza. "Kumbe na wao walikuwa na nyarubanja!" alisema, na wazee wa Buhaya wanaikumbuka hiyo nyarubanja, pale ambapo mkulima aliishi kwenye migomba yake mwenyewe kama mpangaji wa mkubwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Mzungu naye aliwahi kupiga magoti.

Walipofika kwa Martin Luther, mashaka yakarudi mbio. Evelyne ni Mkatoliki wa kuzaliwa. Aliona sasa ndiyo hapo penyewe, walikuwa wanazunguka kote kule ili waje wawahamishe watu kanisa. Alikaa nyumbani Jumamosi mbili. Aliyemrudisha ni mwanafunzi mwenzake, Nuriat, mwanamke Mwislamu anayeleta dagaa kutoka Bumbire, ambaye naye alikuwa na lake.

"Dada, wewe unalalamikia Luther," Nuriat alimwambia. "Mimi vita vya msalaba vimeandikwa mistari kiduchu, kana kwamba walikwenda kutembea. Rudi darasani tuwaulize pamoja."

Akarudi. Lakini kitabu hakukiamini. Na hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo Evelyne analijutia mpaka leo.

Kilikuwa na picha za sanamu za Wagiriki, wanaume na wanawake, uchi wa mnyama. Kilikuwa na picha ya dari ya kanisa yenye jicho ndani ya pembetatu. Kwenye simu alikuwa amesikia mahubiri ya watu wanaosema jicho kama hilo ni la Frimasoni, na kwamba anayelala nalo nyumba moja hutolewa kafara mtoto. Evelyne hakuyaamini mahubiri hayo, lakini pia hakuyakataa.

"Niliogopa kukiweka chumbani, msalaba uko ukutani," anasimulia. "Sebuleni watoto wangekichezea. Nikasema kikae mbali na watu."

Akakipeleka kwenye kibanda cha kukaushia kahawa. Ni kibanda cha fito na udongo, kina mlango mmoja wenye kufuli, na ndani yake kuna moto mdogo wa kuni unaofuka chini ya dari ya mianzi. Kahawa hulazwa juu ya dari hiyo ipate moshi. Kitabu nacho akakilaza huko huko, kando ya kahawa, akakifunika kwa gunia.

Mwezi Mei, wifi yake Celina alikuja kuomba majani makavu ya kufungia ndizi. Evelyne alikuwa kisimani na kufuli lilikuwa wazi. Celina alipoinua gunia, kitabu kikamwangukia begani na kufunguka sakafuni. Kurasa zilikuwa zimeingia rangi ya moshi, na juu yake alisimama mwanamume wa mawe asiye na hata jani.

Mwandishi alimkuta Celina nyumbani kwake kijiji cha pili, akimenya ebitoke, ndizi za kupika, barazani. Hafichi kitu.

"Nimeona kwa macho yangu," anasema. "Watu uchi, na jicho, na kando yake kahawa tunayowapa wageni. Wewe ungesema nini?"

Alipoambiwa kwamba ni kitabu cha shule, alitua kisu.

"Kama ni cha shule, kilikuwa kinatafuta nini darini? Vitabu vya shule vya watoto wangu viko mezani."

Swali hilo lilipelekwa kwa Evelyne. Aliokota kijiti, akakivunja vipande.

"Hapo wifi amenishinda," alisema hatimaye. "Ningekiweka mezani kingekuwa kitabu tu. Nilikificha mimi mwenyewe, nikakifanya kuwa kitu kingine."

Ila kwa Celina kuna jingine, la zamani zaidi, na alilisema bila kuulizwa. Majani yanayochemshwa pamoja na kahawa ya nyumba ile ni siri. Mama yake, Judica, mwenye miaka 82 sasa, alipewa siri hiyo na mama mkwe wake, naye akampa Evelyne. Binti wa kuzaa hapewi. Binti ataolewa, na akiolewa atakwenda na siri kwenye ukoo mwingine. Ndivyo walivyofanya siku zote, na majani hayo huwekwa sufuriani ndani ya kibanda, mlango ukiwa umefungwa.

"Mimi nimetoka tumboni mwake, hakuniambia," anasema Celina. "Kamwambia aliyekuja na sanduku. Sasa siri hiyo ndiyo imeongezwa kitabu."

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Maneno ya Celina yalifika kisimani, yakafika gulioni, yakapanda pikipiki hadi Muleba mjini. Kila yalikopita yaliongezewa chumvi kidogo, hadi yakawa kwamba Evelyne anafukiza kahawa ya watu chini ya sanamu, kila Jumamosi, siku ambayo haonekani kijijini.

Juni ikafika. Binti wa jirani alikuwa anatolewa mahari, na Evelyne, kama miaka yote, ndiye aliyeagizwa akamwani ya kufungulia mazungumzo. Wageni waliketi, salamu zikapita, kikapu kikaletwa. Evelyne akapiga magoti mbele ya msemaji wa upande wa bwana harusi, Mzee Karugendo, akachukua punje na kuzitafuna wote wakiona.

Mzee hakunyoosha mkono.

"Kuanza kwake si kitu," alisema, akiwageukia wenzake badala ya kumtazama Evelyne. "Wenye dawa zao, wao haziwadhuru."

Kikapu kilizunguka nyumba nzima na kurudi kama kilivyokwenda. Mazungumzo yalifunguliwa kwa soda.

Evelyne anapolisimulia hilo, anaacha kugeuza kahawa. Anasema aliwahi kufiwa na mtoto, na aliwahi kulala njaa, lakini hajawahi kuona aibu kama ile. Alirudi nyumbani kwa njia ya mashambani ili asikutane na mtu.

Mzee Karugendo, alipopigiwa simu, aliongea kwa upole na kwa tahadhari.

"Sijasema mama yule ni mchawi, usije ukaniandika hivyo," alionya. "Nimesema sijui anachochemsha. Wewe unakijua?"

Mwandishi alikiri kwamba hakijui.

"Basi," alisema mzee, na simu ikakatika.

Habari zilivuka maji hadi Bumbire. Ishengoma alipiga simu na kumwambia mkewe arudishe kitabu cha watu na kubaki na kahawa yake. Evelyne alimjibu kwamba akikirudisha sasa, kijiji kitasema ametubu, na mtu hatubu kosa ambalo hakulifanya. Mume akasema atalimaliza akirudi. Alirudi, hawakulimaliza, akaondoka tena.

Hofu ya Evelyne haikuwa ya soko peke yake. Watu wa Kanda ya Ziwa tunajua yaliyowahi kuwapata akina mama walioitwa wachawi na kuuawa kwa sababu tu ya macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni. Evelyne ana macho hayo. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alianza kulala na tochi.

Septemba akaenda darasani hakuna anayemwangalia usoni ndani ya basi. Somo la siku hiyo, kwa bahati au kwa bahati mbaya, lilikuwa juu ya Ulaya ya karne ya kumi na sita na kumi na saba. Mwesiga akaeleza kwamba makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, walituhumiwa uchawi na kuuawa, wengine wakichomwa moto hadharani. Wengine walikuwa wajane, wengine wakali wa maneno, wengine waliojua majani.

"Nilihisi jasho," anasema Evelyne. "Nikasema, hawa wamenifuata hadi huku."

Nuriat, aliyekaa naye benchi moja, anakumbuka mwenzake alivyosimama bila kunyoosha mkono.

"Mwalimu, waliachaje?"

"Hawakuacha siku moja, mama Avit. Ilichukua miaka. Polepole mahakama zikaanza kuyakataa maneno ya 'nimesikia'. Zikataka mtu aseme ameona nini kwa macho yake."

"Na kwa nini kitabu kimewapa hawa wanawake kurasa mbili, na majumba ya wafalme yamejaa nusu ya kitabu?"

Mwesiga alikifungua kitabu, akakifunga. "Sijui," alisema. "Ila usiache kuuliza."

Tusije tukadhani mama huyu amegeuka profesa. Jaribio la kwanza alipata alama 38 kwa mia, baada ya kuwapeleka Warumi kwenye karne ya viwanda na kumwacha mfalme mmoja akiwa hai miaka mia tatu. La pili alipata 51, akalibandika ukutani. Kiingereza chake bado kinachechemea. Lakini swali lile la "waliachaje" lilimkaa moyoni, na mwezi Oktoba, zamu ya sala za Jumuiya Ndogo Ndogo ya kanisa ilipofika nyumbani kwake, alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Wengi hawakuja. Waliokuja walikaa karibu na mlango. Sala ilipokwisha, Evelyne aliingia chumbani, akatoka na kitabu alichokuwa amekwisha kukitoa darini, akakiweka mezani katikati ya maua na Biblia.

"Hiki hapa," alisema. "Fungueni, ulizeni. Nisichokijua nitasema sikijui."

Aliyekisogelea kwanza alikuwa Mzee Avit Kagaruki, wajina wa mwanawe Evelyne, mwenyekiti wa jumuiya na katekista mstaafu. Alivaa miwani, akafunua, akafika kwenye sanamu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtu wa mawe wa Wagiriki. Mwalimu anasema waliona mwili ni kitu cha kujivunia."

"Huko si kuna baridi?"

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Wengine wakasogea. Walipofika kwenye jicho la pembetatu, Evelyne akasema hajui maana yake. Mzee Avit aliinamia picha hadi pua ikakaribia karatasi.

"Hili nalijua," alisema. "Katekisimu ya zamani ilikuwa na picha kama hii. Jicho la Mungu. Nimeifundisha mimi mwenyewe, na hapa ndani nawaona watatu niliowafundisha."

Wale watatu waliangalia chini. Evelyne akapata nguvu, akawasomea habari ya mfalme wa Uingereza aliyepiga marufuku nyumba za kunywea kahawa kwa kushuku kwamba wanywaji wanamsengenya, akalazimika kuifuta amri ndani ya siku chache kwa kelele za watu. Hiyo iliwafurahisha kupita zote. Mama mmoja alisema mfalme huyo angekuja gulio la Nshamba angepasuka kichwa.

Kisha Evelyne akaleta kikapu. Akatafuna. Akakizungusha.

Kucheka walicheka, kutafuna hawakutafuna. Judica peke yake, anayeona kwa shida siku hizi, alinyoosha mkono na kutafuna kwa sauti, makusudi. Wengine wakakumbuka mbuzi zao.

Mzee Avit alikuwa wa mwisho kutoka. Alimwambia mwenye nyumba maneno machache mlangoni.

"Mama, kitabu tumekiona. Kibanda hatujakiona."

Evelyne anasema alikaa jikoni akalia, si kwa huzuni tu, bali kwa hasira pia, kwa sababu alijua mzee anasema kweli. Alikuwa amejitetea kwa kitu ambacho watu hawakili. Wanachokula ni kahawa, na kahawa yake imepikwa miaka yote nyuma ya kufuli. Kabla ya kitabu, kufuli hilo lilikuwa sifa ya nyumba. Sasa lilikuwa ushahidi.

Lakini siri haikuwa yake peke yake. Alikwenda kwa mama mkwe, akapiga magoti, akasema anachotaka kufanya. Judica hakujibu siku hiyo wala kesho yake. Siku ya tatu alimwita.

"Alikataa kwanza moyoni, nilimwona," anasema Evelyne. "Halafu akaniuliza kahawa ya wiki iliyopita imekwenda wapi. Nikamwambia iko palepale, imeota ukungu."

Judica, aliyekuwa akiota jua pembeni wakati mazungumzo haya yakiendelea, aliingilia kati kwa Kihaya, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mgeni asikie.

"Siri gani hiyo ambayo haina mlaji? Nilipewa niitunze nyumba. Kama inaua nyumba, mimi naitunzia nini?"

Kwa hiyo mipango ni hii. Mwisho wa Novemba Evelyne atafanya mtihani wake Kashai, ukiwemo wa Historia na Utamaduni wa Magharibi. Amemwambia Mwesiga kwamba akifaulu na kupewa cheti, atauliza tena, mbele ya atakayekikabidhi, ni nani aliyelipa. Mashaka yake kwa marafiki wa elimu hayajaisha, na hana haraka ya kuyamaliza. Ila kitabu sasa kinakaa mezani, na watoto wamekwisha kumchorea kaptura yule mtu wa mawe.

Wiki ya kwanza ya Desemba, kabla Wahaya wa Dar es Salaam na Mwanza hawajaanza kurudi kwa ajili ya Krismasi, posa na harusi, fundi atakuja kubomoa kuta za kibanda. Zitabaki nguzo na bati. Kibanda kiko kando ya barabara ya kwenda gulioni, na kila apitaye ataona sufuria, ataona moto, ataona majani yanayowekwa, ni yapi na kiasi gani. Wachemsha kahawa wengine wa Nshamba wameshasikia, na mmoja amekwisha kuuliza tarehe.

Fundi alipokuja kupima alimwuliza kama ana hakika. Mume wake ameuliza hivyo hivyo kwa simu. Mwandishi naye, kabla ya kupanda pikipiki, hakuweza kujizuia: je, siri ya vizazi itaishia barabarani hivi hivi? Na wifi Celina, aliyenyimwa miaka yote hiyo, naye asimame pale atazame?

"Yeye nimemwalika kwanza," alisema Evelyne, akiinama kugeuza kahawa yake. "Nimemwambia, wifi, njoo mapema ukae mbele."

"Akijifunza akaenda kupika kwake? Wakiiba wote?"

Evelyne alinyanyua uso, macho mekundu kwa moshi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akacheka.

"Waache waibe, mwanangu. Hakuna anayeiba sumu."